Juisi Niliyomnyang'anya Mtani

Majina ya watu nayakumbuka yote. Si la kujisifu, ndivyo nilivyoumbwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mtu akinitajia jina lake mara moja limeingia, halitoki, na la baba yake, na la mke aliyemwacha. Watu wa ukoo wakibishana nani kazaliwa na nani, shauri huletwa kwangu. Hata hivyo humu sitamtaja mtu, kwa sababu ninaoeleza habari zao ni wagonjwa wenzangu, na mgonjwa ana haki ya kuchagua nani ajue kwamba figo zake zimelala. Jina nitakaloliandika ni moja tu, na si la binadamu. Ni la hewa.

Hewa yenyewe niliisikia kwenye chumba cha kusafishia damu. Kwa asiyejua, figo zikikataa kazi unaunganishwa na mashine. Damu inatoka mkononi kwa mpira mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mpira mwingine, na wewe umelala hapo asubuhi nzima huna pa kwenda. Mimi mkono wangu wa kushoto walinipasua wakaunga mshipa na mshipa ili damu ije kwa nguvu, na tangu hapo mkono unanguruma. Ukiugusa unasikia. Wajukuu wadogo huja kuutegea sikio, na mmoja aliwahi kuniuliza kama nimemeza simu.

Kitanda cha pembeni yangu alikuwa akilala mzee wa Kinyamwezi, mkulima wa Zinga, mrefu hata nyayo zinaning'inia nje ya godoro. Mimi ni Mkwere, mzaliwa wa Miono niliyeolewa Bagamoyo. Sasa Mkwere na Mnyamwezi ni watani, tangu babu za Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, na sheria za utani sikuzitunga mimi. Mtani anakutukana na wewe huna ruhusa ya kununa. Akitaka kitu chako anachukua, na ukimwomba akurudishie umeshindwa. Wewe nawe unangoja zamu yako. Kitu kisichokuwepo ni wema wa waziwazi. Mtani akianza kukutendea wema mbele za watu, watu watauliza mmekosana nini.

Siku niliyolazwa pale kwa mara ya kwanza, nesi hajamaliza kunichoma sindano, yule mzee aligeuza shingo akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema alikuwa na hofu ya kufa kabla hajapata Mkwere wa kumchimbia kaburi, maana kaburi huchimbwa na mtani.

"Usihofu," nikamwambia. "Nimekuja na jembe."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Nesi akinipima presha, mtani ananyamaza kabisa ili asikie namba, kama mtu anayesikiliza mpira redioni, kisha anatoa maelezo. Alikuwa akisema damu ya Wakwere ni mvivu, bila kusukumwa na mashine haiendi popote. Mimi nikamwambia nesi kwamba kwa huyu mashine ni kupoteza umeme, damu ya Mnyamwezi itiwe kwenye kapu ajitwike kichwani, atafika nayo. Akanichukulia mto wangu. Nami nikamchukulia kofia, nikaivaa mpaka nyumbani, na siku iliyofuata nikaja nayo kichwani. Nesi, binti mpole mwenye shikamoo ya kupinda magoti, alikuwa akilalamika kwamba hajui tena kipi cha nani.

Wakati huo huo presha yangu ilikuwa inapanda. Nilikuwa nimeacha chumvi. Nilikuwa nimeacha ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na mwanamke wa Bagamoyo akiacha ng'onda jua ameacha jambo. Vidonge nilikuwa nameza. Bado kila nikifika kwenye mashine, namba zilikuwa za kumfanya nesi apime mara ya pili.

Na nilikuwa na jambo linaningoja. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alikuwa anaolewa kule Miono. Katika ukoo wetu mwali hatoki chumbani kwa miguu yake tu. Anashikwa mkono na bibi yake mzaa baba, ndiyo anavuka kizingiti kwenda kwa watu. Mama yangu mkwe aliwashika binti zangu, na mama mkwe wake aliwashika wa kwake. Huyu mjukuu alilelewa mgongoni mwangu, na toka mdogo alikuwa akiniambia, bibi, siku hiyo usije ukanibana vidole. Nikamweleza daktari wetu, naye ni mwanamke wa umri wa binti yangu mdogo. Hakunificha. Alisema Miono ni mbali na mashine, na kwa presha ile anaweza kunipa ruhusa asubuhi nikaanguka jioni. Tuone itakavyokwenda mpaka vipimo vya mwezi ujao. Ikishuka nitakwenda, isiposhuka sitakwenda.

Mtani alikuwa anasikiliza. Akasema kwa sauti ya kuudhi kwamba Miono wamepona.

Nikamuuliza daktari, hii presha inapandishwa na nini na mimi nimeacha kila kitu kitamu? Mwenyewe alikuwa amechoka, akakaa pembeni mwa kitanda cha mtani, katikati yetu, akaeleza. Akasema mshipa wa damu si mpira mtupu. Kwa ndani una utando mwembamba, na utando ule unatengeneza hewa kidogo sana, huioni wala huinusi. Hewa ile ndiyo inayouambia mshipa ulegee, damu ipate nafasi ya kupita. Figo zikifa, uchafu ambao zingeutoa unabaki mwilini, na ndani ya uchafu huo uko unaokwenda kuuzuia ule utando usifanye kazi yake. Mshipa unabaki umekaza. Damu ni ile ile, njia imekuwa finyu, presha inapanda.

Nikaelewa vizuri sana. Ni kama mama wa vitumbua ambaye mume wake ameondoka na ufunguo wa stoo. Mikono ipo, chuma kipo jikoni, moto unawaka, unga umefungiwa.

"Na hewa yenyewe inaitwaje?" nikauliza.

"Naitriki oksaidi."

Nikalirudia papo hapo bila kukosea, daktari akashangaa. Nikalirudia tena kwa raha yangu. Mtani akasema jina zuri hilo, la mume wa pili.

Daktari akacheka, akaendelea kwamba kwa watu wengine mwili hupata hewa hiyo kwa njia nyingine pia, kupitia chakula. Majani ya kijani. Bitiruti hasa, ile ya rangi ya damu, wengine huikamua juisi. "Lakini kwa nyinyi wa mashine," akasema, na hapo hapo mashine ya kitanda cha mwisho ikalia. Mama mmoja presha ilikuwa imemshuka ghafla, macho yamekwenda juu. Daktari akaruka. Wakamwinua miguu, wakampa maji ya mshipa, wakahangaika naye mpaka akaanza kuulizia ndala zake, tukajua amerudi. Lile "lakini" lilibaki limekatika, na hakuna aliyemkumbusha.

Siku zilizofuata mtani alianza kuja na chupa. Ilikuwa chupa ya maji, ila ndani mna kitu chekundu cha kuiva, na ameizungushia gazeti. Hakuiweka kwenye kabati lake. Aliiweka kwenye kiti cha wageni katikati ya vitanda, upande wangu, akatangaza chumba kizima kisikie kwamba ile ni dawa ya wanaume, na Mkwere atakayeigusa atajuta.

Nikaiiba, hilo hata si la kuuliza. Nesi alipokuwa anamchomoa sindano na yeye ametazama pembeni, maana ni mwoga wa sindano mpaka leo, nilinyosha mkono mzima ikaingia kapuni. Alipogeuka akaikosa, akalalamika mpaka mlangoni. Nikaenda nyumbani nimeshinda.

Siku ya mashine iliyofuata akaja na nyingine. Nikaiiba hiyo nayo. Na nyingine. Nikasema moyoni, Wanyamwezi hawa hawajifunzi. Nyumbani nilikuwa nainywa kidogo kidogo kwa kikombe cha kahawa, badala ya maji, kwani na maji yenyewe sisi tunapimiwa. Ilikuwa na tangawizi na ndimu, na chini yake ladha ya udongo. Nilidhani ni juisi ya choya, yale maua mekundu, iliyopikwa na mtu mwenye hasira.

Ajabu, presha ikaanza kushuka. Si sana, lakini nesi akawa anapima mara moja tu. Nikampigia mwali simu nikamwambia atunze vidole vyake, naja. Nikatoa sandukuni kanga ya mjukuu na ya kwangu, jina lile lile. Na kila nesi akitaja namba, mtani alikuwa akitazama dari na uso wa mtu ambaye kuku wake ametaga. Sikumuuliza. Nilidhani anafurahia kwenda kula Miono, maana alikuwa ameshatangaza kwamba harusi ya Wakwere hatakosa.

Kisha miguu ikaanza kunilegea. Ukinyanyuka unaiona kama ya kuazima. Moyo nao ukawa unapiga, unasahau, unakumbuka unapiga mara mbili kwa pamoja. Nilifika kwenye mashine nimeshikiliwa. Wakanichukua damu, na majibu yalipokuja daktari alitembea kwa haraka. Potasiamu ilikuwa juu. Hiyo ni chumvi ya ndani ya matunda na mboga. Figo zenye afya huitoa, zetu zinaiacha ikajaa, na ikijaa inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana tulikuwa tumeshakatazwa ndizi, machungwa, viazi, na maji ya dafu, ambayo ni msiba mwingine kwa mtu wa pwani.

Akaniuliza nimekula nini. Nikamhesabia vyote, na kiapo juu. Dafu sijagusa. Ndizi sijagusa. Mchicha nachemsha namwaga maji kama mlivyonifundisha. Juisi sikuitaja, wala si kwa kuficha. Kitu nilichokinyang'anya kwa mtani hakikuwa kwenye hesabu ya chakula, kilikuwa kwenye hesabu ya ushindi.

Daktari akanishika bega. Akasema bibi yangu, presha ni nzuri, lakini hili ni kubwa kuliko presha, na maadamu hatujui linatoka wapi siwezi kukuruhusu kwenda Miono.

Nikageukia ukutani. Nilisema tu, "Mwali atashikwa na nani?" na sikuwa namwambia yeyote.

Halafu nikasikia nyuma yangu, "Dokta, ni mimi."

Mtani alikuwa ameketi kitandani, mipira mkononi, anaeleza huku ameinamisha kichwa. Alisema siku ile ya hewa alisikia habari za bitiruti. Ana mkwewe pale Chalinze, yanapopumzika malori ya mboga yanayoshuka kutoka milimani, akamwagiza. Akawa anazikwangua mwenyewe kwa kikwangulio cha marehemu mkewe, anakamua kwa kitambaa, mpaka vidole vimebaki vyekundu watu Zinga wanamuuliza amechinja nini. Alijua nitaenda Miono presha ikishuka tu. Alijua pia kwamba akinipa mkononi nitamwagia paka.

"Mkwere humpi kitu," alimwambia daktari. "Unamwekea aibe."

Hapo wengine wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Mama," akasema, "nisamehe."

Nataka kueleweka vizuri hapa. Nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba moyo wangu unaweza kusimama, na nilikaza roho. Neno hilo ndilo lililonitisha. Hakuwahi kuniita mama. Mtani anayekuomba radhi kwa dhati ameshaufunga utani, na utani haufungwi ila mmoja wenu ameshawekwa upande wa wafu. Nilimwona machoni ameshanizika, na jembe ameweka chini analia. Nikajua nisipopata tusi haraka, kweli nitakufa. Nikatafuta. Kichwa chenye majina yote ya mwambao huu kilikuwa kitupu.

Ndipo lugha ikarudi. "Nilijua," nikamwambia. "Wanyamwezi hata kuua hamjui. Mnamletea mtu sumu, halafu mnaitia tangawizi na ndimu apate kuifurahia."

Alinitazama kama hakusikia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka mkono ukacheza na mashine yake ikalia, nesi akaja mbio, na yule mama wa kitanda cha mwisho akawa anafuta machozi kwa upande wa kanga.

Daktari alichelewa kucheka. Kwanza alisimama katikati ya chumba akaimalizia ile sentensi yake, kwa wote, polepole, kama anayefundisha kusali. Bitiruti kwa mwenye figo zake ni chakula kizuri. Kwetu sisi wa mashine potasiamu yake inatangulia kufika kabla ya faida. Nikamuuliza, kwa hiyo ile naitriki oksaidi ilinishusha presha au haikunishusha? Akasema kweli hajui. Inawezekana ni juisi, inawezekana ni vidonge, inawezekana ni kwamba nilikuwa naihesabu juisi ndani ya maji yangu nikawa nakunywa kidogo. Nilipenda alivyosema hajui. Akaniongezea muda kwenye mashine siku ile, akabadilisha dawa, akasema tutapima tena, na kuhusu Miono hakusema ndiyo wala hapana.

Mtani akawa anakuja mikono mitupu. Akiingia mlangoni anaiinua juu na kuigeuzageuza, kama aliyekamatwa bandarini. Ila alianzisha ukaguzi. Kapu langu likitua tu amelivuta kwake, anatoa kimoja kimoja, na chochote cha matunda kinapotea. Binamu yangu alikuja kunitazama akaniletea machungwa, hayakufika hata kwenye kabati. Aliondoka akiniambia kwamba yule mzee jirani yangu hana haya.

Majibu yalikuja siku chache kabla ya harusi. Potasiamu imeshuka. Presha haikuwa ya kutangaza redioni, lakini ilikuwa ya kusafiria. Daktari alinipa masharti akanitaka niyarudie: nisafishwe kwanza, niende, nilale usiku mmoja, nirudi kwenye mashine, nisinyanyue kitu kwa mkono wa kushoto, nisile nikaja na hadithi. Mtani akauliza kama sharti la kufunga mdomo limesahauliwa.

Miono nilimkuta mwali ameshapambwa, anangoja. Nilimshika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nilikuwa nimeuficha ndani ya kanga, lakini tulipobanana pale kwenye kizingiti uligusana na ubavu wake, akaniinamia sikioni. "Bibi," akasema, "mkono wako unapiga ngoma peke yake." Nikamwambia atembee kabla haijabadilisha mdundo. Tukavuka. Vigelegele vilipoanza nilikuwa nimemwachia vidole vyake vyote, salama.

Mbele hatukuweza kwenda. Kulikuwa na mtu amelala chali katikati ya njia, kofia imefunika uso, na kwa urefu wa miguu nilimjua kabla hajafunua. Hakualikwa, na mtani haalikwi. Alitaka jogoo, la sivyo bibi harusi arudi ndani azeeke. Mwanangu akabishana naye kwa heshima ya utani, watu wakacheka, jogoo akaletwa, mzee akanyanyuka taratibu akijipangusa vumbi.

Wakati wa chakula walinipa heshima ya bibi. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu, kipande cha tikiti, na dafu limekatwa juu likiwa limejaa. Hata kumeza mate sijamaliza, mtani alikuwa ameshaketi mkekani kwetu. Akachukua dafu. Akachukua ndizi na tikiti, akatoa kachumbari yote kwa kijiko, asinisemeshe. Wanawake wa Miono wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti kwamba uroho wa Wanyamwezi aliusikia tu, leo ameuona, mpaka sahani ya kikongwe mgonjwa. Sikumkataza. Hawakuona kwamba yeye mwenyewe hakula hata kimoja, maana figo zake ni mbovu kama zangu; alikuwa akivipitisha nyuma ya mgongo wake, na watoto wanapokea.

Mimi nami nikatazama mbele yake. Watu wa jikoni walikuwa wamemwekea soda chupa kubwa, na mgonjwa wa maji ya kupimiwa kama yeye nilijua angeimaliza kwa hiari au kwa kusahau. Nikaivuta, nikaipitisha kwa akina mama nyuma yangu. Akanitazama. Tukabaki na pilau kavu, kila mmoja na sahani yake.

Ngoma ilipochanganya nikanyanyuka, nikacheza hatua chache tu za kumfurahia mwali wangu, mkono wa kushoto nimeukumbatia kifuani.

"We Mkwere," mtani akaniita kutoka mkekani, mdomo umejaa pilau. "Kaa chini. Leo sijaja na jembe."